Mgongo wa Bi Zuhura

Siku mliyoniaga mlinivika kitenge, mkanilisha keki, kisha mmoja wenu akasimama akasema nina mikono ya dhahabu. Watu wakapiga makofi. Nilipopewa nafasi ya kusema nikashukuru kwa maneno mawili, nikakaa. Najua mlishangaa, maana kazini nilikuwa msemaji mpaka mkawa mnanikimbia wakati wa chai. Sasa nina miezi mitatu nyumbani Rwamishenye, na yale niliyoshindwa kuyasema siku ile nimeona niyaandike. Mkiona ni marefu, someni kidogo kidogo. Hamtakuta humu nilivyopanda cheo, kwa sababu sikupanda sana, na mshahara wangu hauna hadithi.

Nilizaliwa Rubafu, kwenye kibanja cha ndizi na kahawa, katika familia ya Kilutheri ambako kumgusa mtu mzima, ukiacha kumpa mkono wa salamu, kulikuwa jambo la msibani tu. Nilipoajiriwa kuwa mhudumu wa afya katika hospitali moja wilayani Muleba, nilitegemea kupelekwa wodi ya wazazi. Matroni akanipeleka kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya stoo ya dawa. Ndani kulikuwa na kitanda kirefu cha mbao, jiko la mafuta ya taa, mabeseni mawili, chupa ya mafuta ya nazi, na mwanamke mfupi mnene aliyejifunga kanga juu ya sare.

"Nyoosha mikono," akaniambia, hata salamu hatujamaliza.

Nikanyoosha. Akazitazama kucha zangu, akatoa mkasi mfukoni na kuzikata zote kumi mwenyewe, karibu na nyama. Kisha akaitumbukiza mikono yangu kwenye beseni la maji ya moto na kuishikilia humo.

"Mkono wa baridi ni matusi," akasema. "Mimi ni Zuhura. Humu hatumuumizi mtu. Wa kuumiza wako wengi huko nje."

Ndivyo nilivyokutana na mwalimu wangu. Alikuwa mzaliwa wa Bukoba mjini, na bibi yake alikuja kutoka pwani zamani, akawa anachua wazazi na kusinga maharusi wa Kiislamu pale mjini. Bi Zuhura alirithi mikono ya bibi, hospitali ikamwongezea kozi ya miezi michache na cheti ambacho alikitumia kufunikia tundu kwenye dirisha. Kihaya alikisema sawasawa na sisi. Kiswahili alitushinda, na hakuwa mtu wa kuficha ushindi.

Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kumgusa mgonjwa. Mgonjwa wangu alikuwa yeye. Saa ya chakula alikuwa akifunga mlango, akilala kifudifudi, akiniambia nianze. Akinyamaza, nilijua naenda vizuri. Nikikosea aliguna. Alinifundisha kutuma uzito kutoka kiunoni, si kusukuma kwa kidole gumba, kwa sababu gumba ni mali ya kazi na halina spea. Sikumsikiliza ipasavyo, na leo gumba langu la kulia haliwezi hata kufungua chupa ya soda. Nyinyi mnaodhani mashine zenu zimemaliza shida hiyo, tutaonana baada ya miaka thelathini.

Basi ule mgongo niliujua kuliko wangu. Nilijua bega la kushoto lilikuwa juu kidogo kuliko la kulia, na kwamba chini ya bega hilo palikuwa na fundo dogo ambalo lilikuwa likilegea baada ya dakika kumi, si kabla. Shikeni hilo, maana ndilo linalonifanya niandike.

Alikuwa na sheria mbili ambazo hazikuvunjwa. Ya kwanza ilikuwa ya stara. Mgonjwa anapovua nguo, wewe unatoka. Unarudi akikuita, akiwa tayari amelala na kujifunika kanga. Unafunua pale unapofanyia kazi tu, ukimaliza unafunika. Hufunui upande usioulizwa. Alikuwa akisema kwamba mtu akishaona aibu, misuli haiachii, utapoteza mafuta bure. Mimi niliyekulia Rubafu niliipenda sheria hiyo siku ya kwanza.

Ya pili ilikuwa ya maswali manne, kabla ya kufungua chupa. Maumivu yanakuamsha usiku ukiwa umelala tu? Umepungua mwili bila kutaka? Miguu inakufa ganzi? Haja kubwa na ndogo zinakwenda sawa? Jibu baya moja tu, mgonjwa anakwenda kwa daktari, na sisi hatumgusi. Niliwahi kumwona akimkatalia mvuvi mmoja aliyetoka visiwani na mgongo uliopinda, amekaa sakafuni anambembeleza.

"Bi Zuhura, bojo, tafadhali, nikande tu kidogo, nimetoka mbali."

"Nikikukanda utapata nafuu," akamjibu, "na ukipata nafuu utarudi kisiwani. Nenda kwa daktari kwanza."

Ilikuwa kifua kikuu kimeingia kwenye uti wa mgongo. Alitibiwa, akarudi akitembea, akatuletea sato wawili wakubwa, akaongeza na maneno makali kwa jinsi alivyokataliwa.

Miaka ile ya mwanzo ndiyo ilikuwa migumu. Mlio wadogo mmesikia kwa wazazi wenu jinsi ugonjwa ulivyopita Kagera, nyumba kwa nyumba, na vibanja vikabaki na bibi na wajukuu. Wagonjwa wale walikuwa na miguu inayowaka moto, na dawa hazikuwepo bado. Watu waliogopa hata kuwapokea kikombe. Bi Zuhura aliwachua nyayo. Sisi wahudumu wengine tulisimama mlangoni tukijifanya tunatafuta kitu. Siku moja alinivuta mkono, akauweka kwenye mguu wa mwanamke mmoja wa rika langu, akasema, "Huyu hajaguswa na mtu mwezi wa pili huu. Anza na kisigino." Yule mwanamke alilia muda wote nikimchua, nami nikadhani namuumiza. Alifariki siku chache baadaye, kama wengi wao. Hatukumponya mtu yeyote kwa mafuta ya nazi, na Bi Zuhura hakuwahi kudai kwamba tulimponya.

Nilikaa naye miaka kumi na moja, kisha akastaafu na kurudi nyumbani kwake mjini Bukoba. Baadaye nami nikahamia mjini, nikasoma fiziotherapia kwa kuchelewa, nikakaa dawati moja na watoto wa umri wa wanangu, kisha nikaanza kazi kwenye zahanati mliyonikuta. Kitanda nilikichongesha kwa fundi wa Kahororo, urefu wa kufikia vifundo vya vidole nikisimama wima, kama nilivyofundishwa. Walimu wa Kahororo walikuja na mabega yaliyochoka kuandika ubaoni. Wakulima walikuja na viuno, waendesha bodaboda na shingo. Wajane walikuja wakisema ni kichwa, wakilala tu machozi yanatoka, na nusu saa baadaye wananishukuru kwa kazi ambayo sikuifanya. Nilikuwa mtu wa furaha wakati huo. Naiandika hivyo kwa sababu baadhi yenu hamkunijua nikiwa na furaha.

Bi Zuhura tulikuwa tukitembeleana Idi na Krismasi. Mume wake alipofariki nilikaa matanga siku tatu. Baada ya hapo zikapita kama miezi minane, na Alhamisi moja akaingia zahanati mwenyewe, amejitanda vizuri, ananukia udi.

"Mganga hajigangi," akasema. "Nimekuja unichue mgongo. Uzee huu."

Nilifurahi kupita kiasi. Nikampa kiti changu. Nikamuuliza yale maswali manne, kwa mzaha kidogo, kama mwanafunzi anayesahihishwa daftari.

"Yanakuamsha usiku?"

"Nalala kama mtoto mchanga."

"Umepungua mwili?"

"Nimetoka kufunga, mwanangu. Ulitaka ninenepe Ramadhani?"

"Ganzi?"

"Sina."

"Na haja?"

"Alhamdulillahi. Unataka na nini tena, nikuletee na pasi ya kusafiria?"

Tukacheka. Nikatoka avue nguo. Aliponiita, nikamkuta amelala kifudifudi na kanga imemfunika mpaka shingoni. Ndivyo ilivyokuwa kila Alhamisi kwa miezi mitano. Niliingia akiwa amelala, nikatoka akiwa bado amelala, na nilipoitwa tena alikuwa ameshavaa na kujitanda. Alikuwa mwalimu wa sheria ile, sasa nani angemwambia aivunje?

Nataka msome hapa polepole. Wiki ya tatu, mikono yangu ilikuta kitu. Fundo lile la bega la kushoto sikuliona tena, lakini chini yake, pande mbili za uti wa mgongo, misuli ilikuwa imekaza kama ubao, na haikuachia. Nilingoja dakika kumi, nikangoja ishirini. Nilipobonyeza kidogo katikati, pumzi yake ilisimama. Mimi ndiye niliyefundishwa kwamba misuli inayolinda mfupa haiachii hata uibembeleze namna gani. Nilifundishwa na mwenye mgongo huohuo, kwenye mgongo huohuo.

"Hapa panauma?" nikamuuliza.

"Panauma vizuri," akasema.

Nikapunguza nguvu, nikawa namgusa kwa kiganja kizima, kwa mafuta ya vuguvugu, taratibu kabisa, hata nusu ya uzito siweki. Akasinzia. Nikatoka nikijisifu kwamba nimempa usingizi Bi Zuhura mwenyewe.

Dalili nyingine ziliendelea kuja, na kila moja niliipatia maelezo. Kanga ilikuwa ikimzunguka mara moja, sasa ikamzunguka karibu mara mbili. Nikasema ni ujane, mtu hapikii mdomo mmoja. Aliacha bodaboda akaanza kuja kwa bajaji. Akasema vijana wa boda wanamtisha, nami nikamwamini, kwa sababu hata mimi wananitisha. Udi ukazidi kuwa mkali wiki hadi wiki, hadi nikawa nafungua dirisha akishaondoka. Nikasema mama huyu anajipenda, ni vizuri. Na kila Alhamisi nilimuuliza "Leo vipi?" naye akajibu, "Mikono yako, mwanangu, naona nafuu." Mhaya ukimuuliza hali asubuhi atakwambia *kurungi*, nzima kabisa, hata kama nyumba yake inaungua, na ndugu zetu Waislamu watamshukuru Mungu kwanza. Nilikuwa nimefanya kazi zaidi ya miaka ishirini kati ya watu wa namna hiyo, na bado nilikuwa nikiandika jibu lile kwenye kadi kama kipimo.

Alhamisi ya mwisho nilimaliza, nikamfunika, nikatoka. Nikangoja aniite. Akachelewa. Nikagonga.

"Ingia," akasema. "Miguu imekataa."

Alikuwa bado kifudifudi. Nilimwambia anyanyue kidole gumba cha mguu, hakikunyanyuka. Nikaminya shavu la mguu kwa nguvu, hakushtuka. Godoro lilikuwa limelowa, naye hakuwa na habari. Nikaita muuguzi, tukamgeuza. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nilipomwona Bi Zuhura kwa mbele bila nguo. Ziwa la kushoto lilikuwa gumu, limevutwa ndani, na juu yake palikuwa na kidonda kilichofunikwa kwa pamba na kubandikwa plasta kwa unadhifu mkubwa. Chini ya udi nikasikia harufu ya kidonda. Yeye akageuza uso ukutani, akaniomba kanga.

Daktari wa hospitali tuliyompeleka alitazama picha, akasema saratani imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo na imekandamiza mishipa ya miguu. Uvimbe wa ziwa, alisema, una zaidi ya mwaka. Akauliza nani alikuwa akimtibu mgongo. Nikasema mimi. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye karatasi zake. Tulimpeleka Mwanza, wakafanya walichoweza, wakaturudishia. Kama angefika miezi mitano kabla, nilimuuliza daktari wa kule, miguu ingepona? Akasema maisha hawezi kuahidi, lakini miguu, ndiyo, huenda.

Hadija, binti yake, ndiye aliyekuwa akimuuguza nyumbani. Ni msichana mpole, hajawahi kunikosea adabu. Siku ya kwanza nilipokwenda akanipokea mlangoni, akanishika mkono, akasema, "Dada Edina, wewe ulikuwa unamgusa kila wiki." Akanikaribisha ndani na kuniletea chai.

Nilikuwa nimemkasirikia Bi Zuhura, nami sikuficha. Nilikaa pembeni ya kitanda, nikamuuliza kwa nini alinidanganya, mimi wa kunidanganya.

"Ningekujibu ndiyo ungenifanyaje?" akaniuliza.

"Ningekupeleka kwa daktari siku hiyohiyo."

"Na chupa ya mafuta?"

"Nisingeifungua."

"Umeona," akasema. Akapumzika, maana kusema kulimchosha. "Tangu marehemu aondoke hakuna mtu aliyeniwekea mkono kwenye ngozi, Edina. Watoto wanaamkia, wanabusu kiganja, wanakwenda zao. Nilijua nina nini. Nimewatuma wangapi hospitali, nisijijue mimi? Niliona kule watanikata, watanichoma, na hakuna atakayenishika. Kwako nilikuwa na Alhamisi."

Yale aliyonifundisha kuamini, kwamba mkono mpole haumdhuru mtu, ndiyo yaliyomweka kwenye kitanda changu badala ya kitanda cha upasuaji. Kama ningekuwa na mikono migumu, angekwenda kwa daktari.

Aliishi wiki sita. Matangani watu walisema ule msemo wao, mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitamani kuwajibu kwamba kifo hakikumuumbua yeye, kimeniumbua mimi, lakini nilikuwa nikimenya ndizi na wanawake wa mtaani, nikaendelea kumenya.

Nikafanya kazi miaka miwili zaidi. Mliokuja wakati huo mnanikumbuka kama yule mama mkali wa mzani. Ndiyo, nilinunua mzani nikauweka mlangoni, na kila mgonjwa akapanda kila alipokuja, hata aliyekuja kwa kidole. Nikaacha kuuliza "Leo vipi?" Nikawaambia wanyanyuke kitini bila kushika, wasimame kwa visigino, wavae viatu mbele yangu. Wanawake nikawauliza habari za maziwa yao uso kwa uso, wakikasirika wakakasirika. Fanyeni hivyo. Ni mambo madogo na mtayachoka, na mtu akiwaambia anaona nafuu, msiiandike nafuu hiyo kama ushahidi wa kitu chochote.

Lakini msidhani kwamba mambo hayo yalinirudisha nilikokuwa. Migongo iliendelea kulegea chini ya mikono yangu, watu wakaondoka wakinibariki, nami kila aliyesinzia kitandani alinitia hofu. Nilikuwa nikisimama pale nimemwekea mtu kiganja na moyoni nasema, huyu naye ananificha nini. Kazi ya kugusa watu haifanyiki hivyo. Ndiyo maana nilistaafu tarehe yangu ilipofika na sikuomba mkataba, ingawa mliniomba nyinyi.

Limebaki moja, ambalo hata Hadija sijamwambia. Siku chache kabla Bi Zuhura hajafariki nilikwenda mchana, Hadija akatoka kwenda dukani. Bi Zuhura aliniomba nimchue nyayo. Miguu ile ilikuwa imekwisha, haikuwa na hisia tangu kiunoni, naye alilijua hilo kuliko mimi. Nikapasha mafuta, nikapasha mikono, nikakaa mwisho wa kitanda, nikafunua nyayo tu. Nikaanza na kisigino. Yeye alikuwa chali, macho kwenye dari, hawezi kuinua kichwa.

Nikaenda kidogo, kisha nikashindwa. Machozi yalinijaa, vidole vikakataa, nikaacha. Nikakaa tu, namtazama, sijui kwa muda gani.

"Hapo hapo, mwanangu," akasema. "Usiondoke hapo. Mikono yako leo imekuwa laini."

Mikono yangu ilikuwa mapajani mwangu.